Mlawi Mwenye Kidumu

Mimi ni fundi rangi. Usiniite msanii. Wasanii ninaowajua wanafuga nywele na kuvaa shanga, lakini mpe mmoja wao ubao wa bucha amchore ng'ombe, atakuletea mbwa mwenye pembe. Kuanzia Tunduma hadi Vwawa, ukiona ng'ombe wa ubaoni mwenye jicho linalokufuata mpaka uvuke barabara, huyo ni wangu. Simba walio nyuma ya malori ni wangu. Mwanamke mwenye rasta kwenye mlango wa saluni pale Mlowo ni wangu pia, na nilimchora mzuri kuliko mwenye saluni, jambo ambalo mwenyewe hajanisamehe. Wanasema kizuri chajiuza. Labda kwingine. Tunduma usipopiga kelele, kizuri kinaozea kibandani.

Nasema haya ili ujue kwamba Mama Tabita hakunijia kwa kunishuku. Mwezi wa nne mwaka huu aliuliza fundi mzuri wa picha ni nani, watu wakamwelekeza kwangu, na kwa hilo hawakukosea.

Alikuja akipenya katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, mama wa miaka sitini hivi, kitambaa cheusi kichwani, viatu vya mpira vyenye udongo mwekundu wa Mbozi. Kwapani alikuwa amebana bahasha kubwa iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Anania?"

"Ndiye mimi."

"Nimeambiwa unaweza kukichora kitu kidogo kikawa kikubwa."

"Mama, hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo."

Hakucheka. Aliifungua bahasha juu ya benchi langu, akatoa karatasi moja ya kalenda ya zamani. Kalenda hiyo, alisema, mumewe alipewa na mzee mmoja Mholanzi, mgeni wa kanisa aliyekuja miaka ya nyuma kusaidia kuchimba kisima cha kijiji. Mwaka ulipokwisha, mumewe alitupa miezi kumi na mmoja, akabaki na mmoja huu kwa ajili ya picha yake.

Ilikuwa picha ya nchi zaidi kuliko ya watu. Mbingu ilichukua nusu nzima na ziada, mawingu mazito upande mmoja, na upande wa pili mwanga wa manjano umeangukia shamba la ngano, mwanga ule ule unaouona kule Msangano jioni mvua ikiwa bado iko ng'ambo. Miti minene, mto, daraja la mawe, kinu cha upepo, mji wenye mnara kwa mbali. Ukitazama haraka huoni mtu. Mpaka usogeze pua ndipo unaona, chini kulia, mtu ameinama amemshika mwenzake aliyevuliwa nguo, na punda amesimama kando.

"Msamaria mwema," alisema Mama Tabita. "Aliyechora hakuwahi kufika Yeriko. Alichora kwao. Osea wangu alilipenda hilo. Alikuwa akiwaambia watoto wa shule ya Jumapili kwamba kila mtu ana barabara yake ya Yeriko."

Chini kushoto palikuwa na doa la kahawia, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Karatasi ilikuwa imekunjamana na kukauka pale, na rangi za chini yake hazionekani tena.

"Hii ni chai, mama?"

"Ni damu yake."

Akanieleza, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Mwaka jana, mwezi wa sita, pembe za karatasi zilianza kuchanika. Mzee Osea akasema ataipeleka Mlowo ikawekwe plastiki. Aliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi awahi gari, picha ameiweka ndani ya koti, kifuani. Ukungu ulikuwa mzito, mwezi wa sita si unaujua. Gari likamgonga kabla ya daraja dogo, likaenda zake. Halijajulikana mpaka leo.

Nilikaa juu ya ndoo.

Kwa maana nilikuwepo.

Sikumgonga. Hilo uniamini usiniamini, ni kweli. Asubuhi ile nilikuwa natoka Tunduma na pikipiki kwenda kupaka ghala moja la mahindi pale Mlowo. Ghalani hapakuwa na maji, kwa hiyo nilikuwa nimefunga nyuma kidumu changu cha lita tano, cha njano, kilichowahi kuwa cha mafuta ya kula, kimejaa maji ya kuchanganyia rangi. Kabla ya daraja dogo taa yangu ikamulika kiatu. Halafu mguu. Nikasimama. Mzee alikuwa amelala ubavu kwenye majani ya kando ya lami, mkono mmoja ameuingiza ndani ya koti, kifuani. Nilidhani anashika mbavu. Alikuwa anapumua, na aliponiona alisema, "Mwanangu, maji."

Nilikifungua kidumu. Nimepiga goti, kidumu mkono huu, kifuniko mkono huu, nikasikia ndani ya ukungu sauti za wanawake, wachuma kahawa, wanakuja wakicheka. Hapo akili yangu ya Tunduma ikaamka. Mtu wa pikipiki, mzee wa kijijini yuko chini, damu barabarani: nani atasubiri kuniuliza? Nimewahi kuona kwa macho yangu pikipiki ikitiwa kiberiti, na mwenyewe akinusurika kutupwa juu yake, kumbe ndiye aliyesimama kusaidia. Na ukipona kwa wananchi kuna polisi. Hospitalini watataka PF3, ile fomu ya majeruhi, na anayeijaza atataka kujua majeruhi kaletwa na nani, na huyo aliyemleta atalala ndani mpaka mwenye gari apatikane. Nikajiambia: wale akina mama wanakuja, ni watu wa kwao, watamwona, watambeba. Nilijiambia hivyo upesi na nikajiamini upesi. Nikarukia pikipiki, kidumu wazi mapajani, maji yakinimwagikia suruali mpaka Mlowo.

Mchana, nikiwa juu ya ngazi, nikasikia wapagazi wakisema mzee Osea, mwalimu wa shule ya Jumapili, amefariki kwa ajali. Nikaendelea kupaka ukuta. Tangu siku hiyo nilikuwa na picha moja kichwani, na niliichora vizuri kuliko kazi zangu zote: mzee amelazwa mapajani mwa wanawake, mmoja anampepea, mmoja anamnywesha. Kwa picha hiyo nilikula na kulala miezi kumi.

Mama Tabita aliifuta bila kujua.

"Wachuma kahawa walikata njia ya chini, hawakufika barabarani," alisema. "Ukungu uliinuka saa tatu. Ndipo mtu mwenye ng'ombe akamwona. Alikuwa ameshapoa. Lakini alikuwa ametambaa, baba. Majani yalilala hatua kumi na mbili, kuelekea upande wa Mlowo."

Upande wa Mlowo ndio upande nilioondokea mimi.

"Na mkononi alikuwa na hiki." Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akaweka juu ya benchi kifuniko chekundu cha kidumu. "Sijui alikiokota wapi. Wakati wa kumwosha ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja."

Nilikitazama kifuniko changu. Kilikuwa na chapa ya rangi nyeupe pembeni, ya dole gumba langu. Mtu asiyejua angesema ni uchafu.

Alikirudisha kwenye fundo, akaanza kuniagiza. Mwezi wa sita watasimika msalaba kaburini. Anataka picha hii iwe kubwa, ikae ukutani kanisani, watoto waione. Nisiongeze, nisipunguze, hata kinu cha upepo kibaki.

"Na hapa penye doa, mama, kuna nini?"

"Hapo yuko Mlawi. Kuhani amekwisha kuvuka daraja, ni nukta tu kule mbali. Lakini Mlawi yuko karibu, ndiyo kwanza anaondoka. Ni mgongo tu. Miaka ishirini picha hii imekaa ukutani kwangu, na ukiniuliza Mlawi alivaa nini siwezi kukuambia. Nani anamtazama Mlawi? Wewe ni fundi, utajua."

Ningeweza kukataa. Ningesema nina kazi nyingi za malori, na isingekuwa uongo mkubwa. Niliogopa kwamba nikikataa ataniuliza kwa nini, na nitajibu. Halafu, nikubali hili nalo, nilitamani kuichora. Miaka kumi na tisa ya ng'ombe na simba, na hakuna mtu aliyewahi kuniletea mbingu.

Nilinunua kipande cha turubai la lori, kizuri, hakijatoboka, nikakiwamba kwenye fremu ya mbao, urefu wa mita mbili na ushee. Nikakipaka rangi nyeupe mara mbili. Kazi ya kukuza picha haina uchawi: unaichora karatasi miraba, unalichora turubai miraba idadi ile ile, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Unavuta uzi uliopakwa chaki, unaubana huku na huku, unauachia, unapiga mstari ulionyooka. Mimi nilipata miraba arobaini na nane. Uzuri wa njia hii ni kwamba hufikirii picha. Unafikiria mraba. Leo nachora kipande cha wingu, kesho nusu ya mti, hujui wala hujali kwamba kuna mtu anakufa mraba wa arobaini na saba.

Doa la damu lilikuwa mraba wa arobaini na moja. Niliuruka.

Nilifanya mbingu kwa wiki mbili. Rangi zangu ni za makopo, za milango na malori, hazitaki mambo laini, lakini nilizilazimisha. Madereva Wazambia walisimama kutazama. Mmoja, mteja wangu wa zamani, alikuwa kila akija akinisalimia, "Mulishani, fundi," na kutaka nimchoree tai wa bendera yao. Safari hii alitazama picha kwa muda, akavua kofia, akaondoka bila kuuliza tai wake. Nilivimba kichwa siku nzima. Ndivyo nilivyo, hata katika jambo lile nilitaka kusifiwa.

Jirani yangu Mwanamvita, mama wa Kitanga anayewapikia madereva chapati na maharage, hasifii mtu. Ilipofika mwisho wa mwezi wa tano picha yote ilikuwa imejaa isipokuwa ule mraba mweupe chini kushoto. Alikuja na mwiko mkononi.

"Fundi, hapa pametoboka."

"Kuna mtu hapo. Sijamjua alivyo."

"Anaonekanaje?"

"Mgongo tu. Anaondoka."

"Sasa mgongo nao una sura? Chora wako, mbona unao."

Alicheka, akarudi kwenye chapati zake. Mimi nikaosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Mama Tabita alikuja mara ya pili siku chache baadaye. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Alinyoosha kidole, hakugusa, akafuata mto mpaka darajani, akafuata njia mpaka kwa Msamaria na punda. Aliona mraba mweupe, nikamwambia bado. Akaitikia kwa kichwa.

"Nikuulize neno, baba. Wewe barabara ile unaipita sana. Unadhani kuna mtu alimpita?"

"Ukungu ule, mama, nani angeona."

"Ndivyo ninavyojiambia. Kama hakuna aliyepita, basi alikuwa na Mungu wake tu, na hilo naweza kulibeba. Nimelibeba mwaka." Alikaa kwenye ndoo ile ile niliyokalia mimi. "Ila kile kifuniko kinanisumbua. Na kingine kinachonisumbua ni kidogo, utanicheka. Miaka thelathini na minane tumelala nyumba moja. Kila siku nilisikia neno lake la mwisho kabla hajalala, hata likiwa ni kulalamikia viroboto. Hilo moja tu ndilo sikulisikia. Najikuta jikoni namuuliza, ulisema nini, mume wangu?"

Neno hilo nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa nalo mdomoni, zima, na sauti yake. Nikimpa, ninamnyang'anya ile barabara tupu aliyokuwa akiishi kwayo. Nisipompa, atakufa akiuliza jikoni. Nilifanya nini? Nilikwenda kwa Mwanamvita nikamnunulia Mama Tabita chapati mbili na chai. Alikula moja, nyingine akaifunga akaondoka nayo, akinishukuru na kuniombea.

Nilijichukia siku ile. Nasema wazi, nilijichukia kuliko hata asubuhi ya ukungu, maana ile asubuhi nilikuwa na hofu, na siku hii sikuwa na cha kunisukuma ila ubovu wangu.

Ijumaa, siku moja kabla ya kusimika msalaba, niliuchora mraba wa arobaini na moja. Nilianza na njia, nikaweka majani kando, nikaweka mtu, urefu wa kidole. Nikampa mgongo. Nikampa koti la kahawia, sikufikiri, ndilo koti nililonalo. Halafu mkono ukaendelea wenyewe, ukachovya njano, ukampa kidumu. Hakina kifuniko. Nyuma yake, kwenye vumbi la njia, nikadondosha matone ya maji, madogo kama ncha ya sindano, yakimfuata.

Nilisogea nyuma nikatazama. Kwa hatua tano huoni kitu, ni mtu anakwenda zake. Hakuna anayemtazama Mlawi, mwenyewe alisema. Nilitaka kuungama mahali ambapo hakuna atakayesikia, huo ndio ulikuwa ujanja wangu, na nikalala usingizi mzuri.

Jumamosi ilikuwa na baridi ya kukata mifupa. Tulisimika msalaba, watu wakaweka maua, tukaingia kanisani. Picha ilikuwa imetundikwa ukuta wa mbele, imefunikwa kwa shuka. Mchungaji Nikodemo alipoivuta ile shuka watu waliguna kwa pamoja, na mimi, Mungu anisamehe, nilinyoosha shingo nionekane.

Mchungaji alisoma habari ya yule mtu aliyeshuka kwenda Yeriko. Kisha akawaita watoto wa shule ya Jumapili mbele.

"Mwalimu Osea alikuwa akiwafanyia mchezo gani na picha hii?"

"Kuhesabu watu!" wakajibu wote.

Hilo sikulijua. Mama Tabita hakunieleza, labda aliliona ni la kitoto. Kila mwaka mzee yule alikuwa akiwapanga mbele ya kale kakaratasi na kuwaambia wamtafute kila mtu aliyefichwa mle, mpaka kuhani aliye nukta. Watoto walikuwa na macho yaliyofundishwa. Walikuwa wamekwisha kusogea, vidole juu, wanahesabu. Mmoja kwenye kinu. Wawili kwenye mashua. Msamaria. Aliyepigwa.

"Huyu ana kidumu!" alisema binti mmoja mdogo, Goodness, aliyechuchumaa chini kushoto. "Mchungaji, Mlawi ana kidumu cha mafuta!"

Kanisa zima likacheka. Mchungaji naye akacheka, akasema pengine fundi wetu alimwonea Mlawi huruma akamtuma kisimani. Wakacheka tena. Mimi nilitoa meno, ila sauti haikutoka.

Mama Tabita hakucheka. Aliinuka kwenye benchi la mbele, akaenda mpaka kwenye picha, akainama kwa shida, mkono kwenye goti. Nilimwona mkono wake mwingine ukishuka polepole kwenye pindo la kitenge, kwenye fundo.

Ibada ilipokwisha watu walitoka kwenda kula nyumbani kwa marehemu, hatua chache kutoka kanisani. Yeye alibaki mbele ya picha. Hakuniita, ila nilijua nisitoke.

"Hakina kifuniko," alisema.

"Hakina, mama."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wateja wamenizoeza. Ningesema nilisahau. Ningesema rangi nyekundu iliniishia. Nilimtazama shingo yake, ile nyuma ya shingo ya mtu mzima aliyeinama, na uongo ukanikauka.

"Kwa sababu unacho wewe."

Hakugeuka.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwanangu, maji."

"Ukampa?"

"Nilikifungua kidumu, mama. Nilipiga goti kabisa, nikasikia watu wanakuja, nikadhani..."

"Sikukuuliza kama ulifungua."

"Sikumpa."

Nje walikuwa wanapanga viti, mtu anaita watoto.

"Alisema nini kingine?"

Hili sikuwa nimelichora, na nilikuwa nimeapa nitazikwa nalo. Nilimwambia.

"Alipoona nafungua, alisema asante."

"Asante?"

"Asante, mwanangu. Alishanyanyua kichwa anywe. Kisha mimi nikaondoka."

Ningependa kukuambia alilia, au alinizaba kofi. Ningelipokea kofi lile kwa mikono miwili. Alitengeneza kitambaa chake kichwani, akavuta kitenge kikae sawa, akanigeukia kwa uso ule ule aliokuja nao kibandani mwezi wa nne.

"Watu wana njaa," alisema. "Nenda ukakae."

Nilitaka kwenda kwenye pikipiki. Lakini wazee walikuwa mlangoni wananisubiri, wananishika bega, fundi njoo, fundi kaa hapa mbele. Wakanikalisha kwenye safu ya wale waliobeba jeneza, chini ya turubai, mkabala na mchungaji. Wali umeshapakuliwa, nyama inatoa moshi kwenye baridi.

Katika ukoo wa mzee Osea, siku ya kusimika msalaba, kunawisha wageni si kazi ya mabinti wala wakwe. Mjane mwenyewe ndiye anayeshika jagi. Anampitia kila aliyesaidia tangu siku ya msiba, anammiminia maji mikononi, anamwambia karibu. Ndiyo shukrani yenyewe, na hakuna hotuba nyingine. Asiyenawishwa na mjane hajaalikwa, hata kama amekalishwa.

Mama Tabita alitoka jikoni na jagi la maji ya moto, mkwewe nyuma yake na beseni. Alianza na mchungaji. Akaja upande wetu. Alimnawisha aliyechonga msalaba. Akamnawisha yule mtu mwenye ng'ombe aliyemwona kwanza, alimwagia maji mengi, mpaka kwenye viwiko, na yule bwana akafuta macho kwa bega. Karibu, baba. Karibu, kaka. Akafika kwangu.

Nilinyoosha mikono. Kwenye kucha bado kulikuwa na njano ya jana. Maji yalikuwa yanatoa mvuke usawa wa uso wangu, na nilisikia kiu, kiu ya kweli, ya koo.

Alihamishia jagi mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alifungua fundo, akatoa kifuniko chekundu, akakiweka katikati ya viganja vyangu. Alihakikisha kimekaa. Halafu akapita.

Mchungaji Nikodemo alitazama mikono yangu mikavu, akatazama upande wa kanisa, kisha akatazama sahani yake. Sikuirudisha mikono. Nilibaki nimeinyoosha vile vile, nikisikiliza maji yakimwagikia mtu wa kushoto kwangu, na yeye akisema asante, mama.